Daktari wa Bata

Pale Ubaruku hakuna aliyejua kwa hakika kama Wahehe na Wasukuma ni watani wa jadi au sivyo. Wazee waliulizwa, kila mmoja akajibu lake. Seni, Msukuma, na Faustina, Mhehe, hawakuwa na subira ya kungoja jibu. Utani wao ulianza siku dume la Seni, lenye nundu kubwa na adabu ndogo, lilipoingia kwenye jaruba la Faustina na kula mpunga uliokuwa umekaribia kuvunwa. Faustina alitoka na mpini wa jembe. Seni akaja mbio, akavua kofia, na badala ya kuomba msamaha akamshukuru mama yule kwa niaba ya ng'ombe. Alisema mnyama amekula nyasi za Usangu tangu azaliwe na hii ndiyo mara ya kwanza kualikwa karamu. Faustina alitaka kumpiga, akashindwa kwa sababu alikuwa anacheka. Mpunga ulilipwa wakati wa mavuno, na tangu siku hiyo wawili hao hawakuzungumza tena kama watu wenye akili timamu.

Seni akipita karibu na nyumba ya Faustina alimfunga mbwa wake kamba na kumsemesha kwa sauti ya kusikika mpaka ndani: atembee upande huu wa njia, Wahehe wanasemwa kula mbwa, na mama huyo hajala mchana. Faustina naye aliwaambia watu kanisani kwamba Msukuma akifiwa na mke, jambo la kwanza analouliza ni nani atakamua. Kila asubuhi, mmoja akiwa ng'ambo hii ya mfereji na mwingine ng'ambo ile, walitukanana kwanza, Faustina akimwita Seni Ngosha, kama wanavyoitwa Wasukuma, na Seni akimwita Mnyalu, kama wanavyoitwa Wahehe, ndipo kila mtu akaenda kazini kwake. Siku ambayo matusi hayakusikika majirani walidhani kuna mgonjwa.

Mzaha mkubwa kuliko yote ulikuwa ule wa mwaka wa barakoa. Seni alimchukua kijana mmoja kutoka Rujewa kwa malipo ya mbuzi, akamvisha koti jeupe la bwana mifugo, akamtuma kwa Faustina kutangaza kwamba ugonjwa umefika kwa bata na kwamba kila bata sharti akae mbali na mwenzake. Kijana alisema kwa lugha ya kitaalamu sana. Faustina alishinda kutwa nzima akiwatenganisha bata wake kwa fimbo, akimaliza wa mwisho wa kwanza amesharudi kwa wenzake, na Seni amejilaza nyuma ya ukingo wa mfereji akiuma kofia asicheke. Habari zilipovuja Faustina aliapa kwa jina la Bikira Maria kwamba mtu mwenye koti jeupe hatamdanganya tena mpaka anaingia kaburini.

Kiapo hicho kikumbukwe.

Likumbukwe pia jambo jingine, maana utani si matusi matupu. Kalinga, mume wa Faustina, alipofariki, Seni ndiye aliyeshuka kaburini kabla ya jeneza, akalala chali, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Akalala humo akiiga sauti ya marehemu, akilalamika kwamba shimo ni fupi na Wahehe hata kuchimba hawajui. Watu walicheka wakiwa na machozi usoni. Faustina, ambaye tangu jana yake hakuwa amesema neno, alicheka naye, kisha akaomba maji ya kunywa. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Msibani wengine wanalia, yeye halii, kwa sababu akilia na yeye nani atabaki kumzuia mfiwa asimfuate marehemu? Seni alikuwa ameifanya kazi hiyo kwenye misiba mingi na hakuna aliyewahi kuona jicho lake limelowa. Alijivunia hilo kuliko ng'ombe zake, naye mtu wa kujivunia ng'ombe hasa.

Faustina alikuwa na vidonda vya tumbo na alivitibu kwa maziwa na ubishi. Asubuhi moja akiwa kwenye mashine ya kukoboa alitapika damu, nyingi, akakaa chini juu ya pumba. Seni alikuwa pale na gunia lake. Ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari la mashine, wakaenda Rujewa, na Rujewa wakawapa gari la wagonjwa mpaka kwenye hospitali moja ya Mbeya. Binti wa Faustina, Eveline, mwalimu huko Iringa, alipigiwa simu akapanda basi.

Vipimo vilionyesha damu imebaki nne badala ya kumi na mbili. Tumbo lilikuwa bado linavuja polepole, na Dokta Gwakisa, kijana mrefu mpole, alisema anataka kuingiza mpira wenye kamera ili aone panapovuja na kupaziba, lakini hawezi kumgusa mtu mwenye damu nne. Kwanza aongezwe. Ndugu wakaombwa wachangie damu. Seni akakunja mkono wa shati kabla hajaulizwa yeye ni ndugu wa aina gani.

Akatolewa damu, akapewa soda na biskuti. Njia nzima ya kurudi wodini alikuwa akitunga la kusema. Alipoingia akakuta mfuko mwekundu umeshaning'inizwa juu ya kitanda cha Faustina na nesi Esnath anarekebisha matone. Mtu mwingine angesema pole. Seni alisimama katikati ya wodi, akaunyooshea mfuko kidole, akawatangazia wagonjwa wote wa safu mbili kwamba ile ni damu yake, damu ya Kisukuma, imekuzwa kwa maziwa na michembe ya viazi.

"Mnyalu, umekwisha," alimwambia. "Kuanzia kesho utaamka alfajiri unaulizia ng'ombe."

Wodi ikacheka. Faustina alitabasamu kwa unyonge, akasema anahisi damu hiyo imeshaanza kumfanya mjinga. Kisha akajikuna shingoni. Akajikuna mkononi, tumboni, akauliza kama blanketi lina kunguni. Seni alikuwa anajibu kwamba hao si kunguni, ni kwato zinaanza kuota, aliposita. Midomo ya Faustina ilikuwa inavimba. Ngozi ya mikono ilikuwa imejaa mabaka kama mtu aliyepita kwenye upupu, na pumzi ilikuwa inatoka kwa filimbi, fupi fupi.

"Ngosha," alisema kwa shida, akimwangalia yeye na si mwingine, "umeniua."

Nesi Esnath alifunga mpira wa damu kabla hata hajamwita daktari. Sindano ikachomwa pajani, oksijeni ikawekwa, pazia likavutwa. Seni alisukumwa nje kwenye korido yenye baridi, kofia mkononi. Mama mmoja aliyekuwa anamuuguza mwanawe alipita karibu yake akahamishia beseni upande wa pili.

Faustina alipona lile. Sindano ilifanya kazi yake, uvimbe ukashuka, pumzi ikarudi. Lakini Seni alibaki kwenye benchi la korido akiangalia mkono wake mahali palipochomwa. Mwenyewe alijua kwamba ni upuuzi, na mwenyewe hakuwa na hakika. Vipi kama kweli kuna kitu ndani yake? Alikumbuka kwamba ameogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe wiki ile ile. Aliogopa, mtu yule ambaye alilala kaburini akicheka.

Mwisho akamfuata nesi Esnath kwenye meza yake akamuuliza kwa sauti ya chini kama dawa ya kupe huingia kwenye damu. Nesi alimtazama, akaelewa, akajikaza asicheke. Akamweleza kwamba damu ya mchangiaji haiendi moja kwa moja kwa mgonjwa wake. Inapelekwa benki, inapimwa magonjwa kwanza, na mgonjwa hupewa iliyokwisha kupimwa, ya mtu mwingine kabisa. Mfuko ule ulikuwa umeshatundikwa Seni akiwa bado anakunywa soda. Damu yake iko maabara, haijamgusa mtu.

Seni alishusha pumzi. Kisha, kwa namna asiyoitegemea, akaona amenyang'anywa kitu. Akauliza kama basi hata tone halikuingia. Nesi akasema hata tone.

Dokta Gwakisa alikuja na maelezo. Aliketi kitandani kwa Faustina, Eveline, aliyekuwa amewasili, upande mmoja, Seni miguuni. Alisema lililotokea ni mzio mkali, ni adimu, na wala damu haikuwa mbaya. Mwili wa mama hauna ugomvi na damu yenyewe. Unagombana na kitu kilichomo kwenye majimaji yanayobeba damu, kitu ambacho watu karibu wote wanacho na yeye inaelekea hana, kwa hiyo mwili ukikiona unadhani ni adui. Dawa yake ipo. Watachukua damu nyingine, maabara wataiosha kwa maji ya dripu mpaka majimaji yale yatoke, zibaki chembe tupu, na atapewa taratibu huku nesi amekaa pembeni na sindano tayari. Lakini iwe leo, maana tumbo bado linavuja.

Faustina alisikiliza mpaka mwisho. Alimwangalia daktari, akaliangalia koti lake jeupe, akamwangalia Seni.

"Damu inaoshwa," alisema. "Kwa sabuni ya mche au ya unga?"

Daktari akaanza upya, kwa upole ule ule. Faustina akamkatiza akamuuliza huyu Msukuma amempa nini, maana yule wa bata alipewa mbuzi. Daktari hakuelewa habari ya bata. Eveline alielewa, akafunika uso kwa mikono. Hapo Seni akakiona kile kiapo cha koti jeupe kimekaa kitandani kimevaa shuka la hospitali.

Akaanza kusema kweli. Hakuwa na mazoezi. Alisema damu ile haikuwa yake, aliongopa, muulize nesi. Nesi akaitwa akathibitisha. Faustina akamwambia nesi ana sura nzuri, asikubali kutumiwa na wafugaji. Seni akaapa kwa mama yake. Faustina akamkumbusha kwamba kwa mama huyo huyo aliapa pia kuhusu bata.

"Ngosha, lini umewahi kuniambia kweli?" alimuuliza, bila hasira. "Nimekufa mara moja leo. Sifi mara mbili. Niacheni nipumzike."

Akageukia ukutani. Kucha zake zilikuwa nyeupe. Dokta Gwakisa alimvuta Eveline pembeni akamwambia mama ana akili zake timamu, hawezi kumtundikia damu kwa nguvu, lakini akitapika tena kama alivyotapika kwenye mashine hatakuwa na cha kumwokolea. Eveline alikwenda akapiga magoti kando ya kitanda, akambembeleza kwa Kihehe na kwa Kiswahili. Mama yake alimpapasa kichwa kama mtoto aliyeota vibaya.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Seni ilikuwa imefika ukutani. Alikaa akafikiri. Kweli imekataliwa. Daktari amegeuka wa bata. Mhehe ukimbembeleza anazidi kuwa jiwe, hilo alilijua siku nyingi. Mhehe anasogea kwa hasira tu. Basi amkasirishe. Kama Faustina ameamua kufa, mtani wake ana haki zake za msibani, na hakuna sheria inayosema azidai lini.

Akafungua kikapu cha Eveline, akatoa kanga ya Faustina, ile ya kijani anayovaa shambani, aliyoletwa nayo hospitali, akajitanda kichwani. Akatwaa beseni, akaligeuza, akalikalia miguuni pa kitanda, akapiga mluzi wa kuita watu. Wodi ikainua vichwa.

Akatangaza msiba. Alisema Faustina binti wa Iringa amefariki kwa ugonjwa wa kichwa kigumu, wala damu isisingiziwe. Alisema yeye, mtani wake halali, amefika kuchukua vyake. Majaruba ya mpunga yote kuanzia mferejini anayagawia ng'ombe zake, na lile la kona, ambalo marehemu alilipenda, litakuwa la lile dume lenye adabu ndogo. Bata wataishi kwa kukaribiana, kiherehere kimekwisha. Jeneza halihitajiki, marehemu alikuwa mfupi, gunia la debe saba linatosha na nafasi itabaki ya kuwekea maharage.

Wagonjwa walianza kucheka, kwanza kwa kujificha. Yule mama wa beseni alicheka mpaka akashika mbavu. Faustina alikuwa amegeuka kutoka ukutani. Hakucheka, lakini macho yake yalikuwa yamewaka, na Seni aliona akasema moyoni, haya, inakuja. Akaongeza. Akasimama, akajishika kiuno, akaanza ile sehemu ambayo hakuna mtani anayeiruka, sehemu ya kumuiga marehemu. Akaiga anavyotembea akiwa amekasirika, kisigino kwanza. Akaiga anavyosali huku anachungulia nani amechelewa kanisani. Kisha akaiga anavyosimama asubuhi kwenye ukingo wa mfereji, mkono mmoja machoni kuzuia jua, na akainua sauti nyembamba ile ile, kama anavyoita.

"Ngosha! Bado hujafa? Ng'ombe zako ziko—"

Sauti ikakatika. Alijaribu tena. Aliinua mkono machoni kuzuia jua ambalo halikuwepo, akafungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa neno. Aliona ukingo ule wa mfereji hauna mtu. Aliona anapita pale asubuhi na mbwa wake na hakuna wa kumfungia kamba. Machozi yakamshuka, si mawili matatu ya kuficha kwa kofia. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika, mzee mzima wa Kisukuma amejitanda kanga ya kijani katikati ya wodi ya wanawake.

Kicheko kilikatika kitanda kwa kitanda mpaka kimya kikafika mlangoni.

"Endelea," alisema Faustina.

Seni akatikisa kichwa.

"Mtani halii, Ngosha. Endelea."

"Siwezi, mayu," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo, neno ambalo Wasukuma huwaitia mama zao, na kanga akaivuta usoni.

Faustina alimwangalia kwa muda mrefu. Alikuwa amemtazama mtu huyu akidanganya kwa kila kiungo cha mwili, kwa macho, kwa mikono, kwa kofia, kwa mbwa. Alijua kila hila yake na hii haikuwemo. Uso wake ulibadilika taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alionekana anaogopa. Akajivuta akakaa.

"Eveline," alisema. "Mwite yule daktari wa bata. Mwambie alete hiyo damu yake ya kuoshwa."

Ililetwa jioni hiyo hiyo. Dokta Gwakisa alikuja nayo mwenyewe na nesi Esnath akaketi kitandani na sindano mapajani. Seni hakuthubutu kuingia. Alisimama korido akimwagiza Eveline achungulie midomo ya mama yake, na Eveline alichungulia mara nyingi kiasi kwamba Faustina akauliza kama ana kitu kwenye meno. Hakujikuna. Hakuvimba. Damu ilishuka tone kwa tone mpaka ikaisha, ukafuata mfuko mwingine uliooshwa vile vile, na siku iliyofuata mpira wa kamera uliingia, kidonda kikapatikana na kuzibwa. Alipotoka alipewa kadi ya kutembea nayo siku zote, inayosema asiongezwe damu ambayo haijaoshwa. Seni alimwomba daktari aongeze kwamba asipewe pia bata. Daktari, ambaye sasa alikuwa ameelezwa habari yote, alikataa kwa masikitiko.

Faustina alirudi Ubaruku akapumzika mpaka mavuno. Siku alipopata nguvu ya kusimama mferejini, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumshitaki Seni mbele ya majirani kwa kosa la kulia. Kesi haikuchukua muda. Mashahidi walikuwa wodi nzima, na mshitakiwa hakuwa na utetezi zaidi ya kusema alipaliwa. Akahukumiwa kutoa mtamba mmoja, mweupe, na mshitaki amkague kabla ya kumpokea.

Seni alimleta mtamba asubuhi na mapema, mbwa kamfunga kamba. Alimkuta Faustina ameshasimama kwenye ukingo, kanga ya kijani mabegani, mkono machoni. Faustina alimkagua ng'ombe meno, kwato, kiwele kichanga, akauliza mama yake alikuwa anatoa maziwa kiasi gani na kama ukoo wao una ugonjwa wa miguu. Yalikuwa maswali ya mfugaji. Seni alijibu yote kwa heshima, akishangaa.

Kisha Faustina akamuuliza, bila kumwangalia, kama ni kweli kabisa ile damu ya kwanza haikuwa yake.

"Haikuwa yangu."

"Na ile ya pili? Ile iliyooshwa?"

Uongo ulimjia ulimini, mtamu, umeiva. Wakati ule damu yake ilikuwa imeshapimwa. Ingeweza kuwa yake, ingeweza kuwa ya mtu yeyote wa Mbeya. Akaumeza.

"Sijui, Mnyalu. Kweli sijui."

Faustina alimpapasa mtamba nundu. Alionekana ana jambo linalomkera.

"Nauliza tu," alisema. "Maana tangu nirudi, jogoo hajawika, mimi nimeshaamka nawaza ng'ombe."